Leza Yangu Ndani ya Tanki la Depo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamua kuwa mwanasayansi. Uamuzi haukuchukua muda, ulikuja kati ya chai na kikohozi.

Sababu ni Papa Lumbu, baba mkwe wangu, dereva wa treni mstaafu, mtu mwenye kipaji cha kutoniamini. Jana nilikwenda kwake kumchukua mke wangu, Mathilde. Yuko huko tangu ile ajali ndogo ya samaki. Mimi naiita ajali ndogo. Mathilde ana majina mengine. Yeye huuza samaki wakavu kutoka Kinkondja, na mimi, kwa mapenzi tu, nilimbunia kikaushio cha kisasa: nailoni nyeusi juu ya matete, ili samaki wakauke upesi kuliko kwa moshi. Funza walikuja. Sikuwaalika. Mzigo wote ukaenda shimoni na Mathilde akafunga virago.

Papa Lumbu hakunipa kiti. Alianza kunitajia kazi zangu ambazo hazijaisha: mashine ya kutotoa vifaranga iliyochemsha mayai, antena iliyonasa redio moja tu kwa lugha isiyojulikana, choo ambacho mpaka leo ni shimo lenye matumaini. Nilitaka kujieleza. Akainua mkono.

"Kintu moya tu, Séraphin," alisema. "Yenye ulianza, ukamaliza, na inatumika mbele ya bantu. Kama haiko, Mathilde anabakia kwetu."

Mbele ya watu! Na siku amechagua mwenyewe: Jumapili hii, baada ya misa ya Pentekoste. Ahsante sana, baba mkwe, kwa muda mrefu ulionipa.

Mama mkwe, Mama Tshala, alikuwa uani amenipa mgongo. Si dharau, ni heshima. Kwetu Baluba mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Miaka yote ya ndoa maneno yetu yamepitia kwa Mathilde, na Mathilde asipokuwepo, kwa kuku. Jana alimwambia jogoo amwambie mkwe wake kwamba amekonda. Jogoo hakunifikishia, lakini nilisikia. Nilimwona Mathilde dirishani. Hakunipungia mkono. Nilirudi nyumbani nikala muhogo mbichi, kwa sababu sijui sufuria zinakaa wapi.

Sasa, kitu gani? Kiwe cha kuanza na kumaliza kabla ya Jumapili, na kiwe kitu ambacho hakuna mtu mjini kwetu Kamina anayeweza kukikagua. Leo mchana nilikuwa kwenye kibanda cha rafiki yangu Jérémy, anakochajia simu za watu kwa paneli ya jua. Akanionyesha video ya leza ya ultra-Q. Niliitazama mpaka mwisho. Sikuelewa hata neno moja. Nikajua nimepata.

Jumanne, 3 Juni

Nimejishusha. Nimekwenda kwa Clotilde Masengo.

Clotilde ni binamu wa Mathilde. Anafundisha fizikia sekondari. Alisoma chuo kikuu Lubumbashi na hajawahi kulitaja jambo hilo hata mara moja, na hiyo ndiyo njia yake ya kutukumbusha. Nilimwambia nataka kuielewa leza ya ultra-Q kwa matumizi ya kweli, siyo maneno ya vitabuni. Akafurahi. Walimu wa fizikia hufurahi upesi, maskini, hawaulizwi mara nyingi.

Akachukua kijiko akagonga chungu. Sauti ikafa palepale. Akagonga kengele ya shule. Ikalia, ikaendelea kulia, mpaka nikasahau nilikuja kufanya nini. Akasema Q ni hiyo tu: kipimo cha jinsi kitu kinavyotunza ulichokipa kabla ya kukiacha kipotee. Chungu kina Q ndogo, kengele ina Q kubwa. Hapo nilimfikiria Mathilde na hasira yake.

Kisha akachora duara. Eti ndani ya leza hizo kuna kisahani cha fuwele, kidogo kuliko kifungo cha shati, kimesuguliwa mpaka ukingo wake hauna mkwaruzo. Nuru ikiingia humo haitoki ovyo. Inakumbatia ukingo na kuzunguka, maelfu kwa maelfu ya mara, kabla ya kupotea. Kidogo yake hurudi kwenye leza na kuitia nidhamu, mpaka leza inatoa rangi moja tupu isiyoyumba. Kwa rangi hiyo watu hupima mambo madogo sana: mtetemo wa reli iliyo mbali, gesi kidogo hewani, mwendo wa saa. Ila chembe ya vumbi ikitua ukingoni, au mtu akigusa kwa kidole, Q inaanguka na kazi yote inaharibika.

Nikauliza kama inakata chuma. Akasema hapana, nuru yenyewe ni dhaifu. Nikamwonea huruma. Mtu anasoma miaka yote ile ili aje kusifia nuru dhaifu.

Nikauliza swali langu la mwisho, la busara. Wenzetu wanatumia kisahani kidogo kuliko kifungo. Je, mtu akitumia duara kubwa kama nyumba, Q yake haitakuwa kubwa kama nyumba?

"Haiko bukubwa, yaya," alisema Clotilde, ambaye huniita yaya, yaani kaka. "Njo busafi na bulaini ya ukuta."

Nikashukuru, nikatoa kalamu, nikaandika kiganjani: UKUBWA.

Jumatano, 4 Juni

Duara kubwa kama nyumba limepatikana! Liko nyuma ya depo ya reli. Ni lile tanki la chuma lililokuwa likinywesha treni za mvuke. Miguu yake ilikatwa zamani, sasa limekaa chini kama sufuria ya jitu. Waliohifadhi simenti humo walilitoboa mlango. Mfuniko wa juu upo bado, kwa hiyo ndani ni giza. Leza gani isingependa?

Tatizo: ufunguo unakaa kwa chama cha wastaafu wa reli. Na mwenyekiti wa wastaafu ni nani? Papa Lumbu. Dunia imejaa Papa Lumbu.

Nilimkuta ananyolewa. Nafasi nzuri, mtu mwenye wembe shingoni hawezi kukataa kwa kichwa. Nilimwambia kitu changu ni leza ya ultra-Q, itaonyesha nuru inayozunguka bila kutoka, na ninahitaji tanki. Alifumba macho. Akasema alipoanza kazi, kijana kabisa, alikuwa anapanda juu ya tanki lile kila alfajiri kuangalia maji, na tangu treni za mvuke zife hakuna aliyeligusa kwa wema. Ndani ni kutu, simenti na popo. Akanipa ufunguo. Hakuniuliza leza ni nini. Aliniuliza tu kama nakula.

Nilisema nakula sana. Nilikuwa na muhogo mfukoni.

Jioni nilimwajiri Jérémy kuwa msaidizi wa maabara. Malipo ni heshima. Alisita, heshima hainunui chumvi, lakini nikamwahidi jina lake litaandikwa mlangoni chini ya jina langu, herufi ndogo kidogo. Akakubali. Ana paneli, ana betri, ana vitu vingi visivyouzika kibandani. Nimemchagua kwa akili.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbili hizi nimefanya kazi isiyolingana na hadhi yangu. Nimesafisha.

Jérémy alikagua tanki jana asubuhi, akashika kiuno, akasema mgongo. Mgongo huo huanza kuuma akiona brashi tu. Basi mimi, mwanasayansi, nikapiga magoti peke yangu. Nimeng'oa simenti kwa patasi. Nimekwangua kutu kwa brashi ya waya kuanzia chini mpaka mkono wangu unapofika. Nimesugua kwa mchanga na majivu, nikaosha kwa sabuni, nikakausha, nikapangusa kwa matambara yenye mafuta ya mawese mpaka chuma kikang'aa cheusi. Popo wamehama wakinilaani. Vidole vyangu vinanuka kama karakana. Yote haya kwa sababu ya chembe ya vumbi ya Clotilde! Leza kubwa namna hii ingeogopa vumbi kweli? Lakini sikutaka apate sababu ya kunicheka.

Jambo la ajabu limetokea leo mchana. Jérémy alikuwa upande wa pili kabisa wa tanki, ameegemea ukuta, anakula karanga. Mimi nilikuwa nimeinama huku, shavu karibu na chuma. Nikamsikia kana kwamba yuko begani kwangu, akijisemea polepole kuwa kichwa changu hakiko sawa na kuwa Mathilde alifanya vizuri. Nikageuka. Yuko kule kule, karanga mkononi, hata hanitazami. Nimefikiri sana. Nadhani sayansi imeanza kuninoa masikio.

Clotilde alipita kuchungulia. Aligusa ukuta kwa ncha ya kitenge, siyo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa namna ambayo kwa mtu mwingine ningeiita heshima. Akaanza somo lingine bila kuombwa. Eti hata sauti hukumbatia ukuta wa duara, kama nuru inavyokumbatia ukingo wa kile kisahani. Eti kutu na simenti vilikuwa vinaimeza, na sasa ukuta ukiwa laini hivi, mtu akinong'ona huku... Mwisho wake sikuusikia. Nilikuwa napima mahali pa kuandika jina langu.

Jumamosi, 7 Juni

Leza imenisaliti.

Nilinunua sokoni ile kalamu ya nuru nyekundu ambayo watu husumbulia paka. Muuzaji aliniapia ni leza halisi. Nikabandika vioo vya kinyozi juu ukutani, na katikati yake karatasi za fedha za pakiti za sigara, na CD za zamani za kwaya. Nikawasha. Nuru ikaenda kioo cha kwanza, ikaenda cha pili, ikatua kwenye tumbo la Jérémy. Ikabaki hapo. Nikasogeza kioo. Tumbo la Jérémy. Nikamsogeza Jérémy. Nuru ikatoka mlangoni ikamkimbiza mbwa wa mlinzi wa depo mpaka kwenye njia ya reli.

Tulijaribu mpaka betri zikaisha. Nuru haikuzunguka. Hata nusu. Jérémy akauliza labda Q imekwama. Nikamwambia anyamaze.

Nilikaa chini sakafuni. Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa. Siyo kuogopa kuchekwa, hilo nimelizoea. Kesho jioni ama Mathilde yuko nyumbani ananigombeza, ama nitarudi peke yangu kwenye ile nyumba, mwaka mzima, maisha yote. Nilitaka kulia lakini Jérémy alikuwa anaangalia.

Halafu akili ikaja. Kibandani kwa Jérémy kuna taa za Noeli, mshipi mrefu wa vitaa vyekundu vinavyowaka kwa zamu, kimoja baada ya kingine, kama vinakimbizana. Hazijauzika tangu Desemba. Tumezizungusha juu kabisa ya ukuta, nyuma ya karatasi za fedha, tukaunganisha na betri yake. Tukawasha. Nuru nyekundu ikaanza kuzunguka tanki lote, raundi baada ya raundi, bila kuchoka. Jérémy alipiga makofi. Hata mimi niliamini kidogo.

Nani atajua? Wastaafu wa reli macho yao yamekwisha. Clotilde atajua, lakini ataona aibu kusema mbele ya watu kwamba shemeji yake ni mwongo. Namtegemea kwa heshima zake.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Nieleze kwa mpangilio.

Baada ya misa walikuja. Wastaafu na kofia zao, nusu ya kwaya, Clotilde, Papa Lumbu katika koti la harusi yake. Mathilde alikuja lakini alisimama nje, karibu na mlango, mikono kifuani. Na kisha, bila mtu kunionya, akaingia Mama Tshala na kigoda chake!

Hesabu yangu yote ikavurugika. Mtu unafanyaje maonyesho mbele ya mama mkwe usiyepaswa kumtazama, ndani ya chumba kisicho na kona? Yeye, mama mwenye adabu, alikwenda moja kwa moja upande wa mbali, akaweka kigoda, akakaa ameelekea ukuta. Mimi, mkwe mwenye adabu, nikaenda upande huu mwingine nikaelekea ukuta wangu. Tanki zima lilikuwa kati yetu, na watu wote wamesimama katikati. Nikatoa hotuba yangu kuhusu Q nikihutubia chuma. Kisha nikampa Jérémy ishara, naye akawasha.

Nuru ikazunguka! Watu wakasema aaah. Mzee mmoja akavua kofia. Papa Lumbu aliinua kichwa akaanza kuifuata nuru kwa macho.

Jérémy alikuwa pembeni yangu, nyaya za betri mkononi, jasho linamtoka. Akanisogelea akaninong'oneza kwamba baba mkwe wangu anazitazama taa kwa jicho baya, na je, si afadhali tukimbie. Mlango uko wazi. Mimi uso uko ukutani, pua karibu iguse chuma. Nikamjibu kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo hata nzi asingeisikia.

"Iko taa za Noeli, Jérémy, Q haiko. Ule muzee wa treni hajue kitu," nilinong'ona. "Na nikimbie wapi? Mathilde asiporudia leo, minyi nitakufa. Nyumba iko kimya. Nalala na kitenge yake kama mutoto."

Basi. Nikabaki natazama ukuta.

Na ndipo sauti ikaja, polepole, sikioni kabisa. Sauti ya Mama Tshala. Miaka yote hii nimeisikia ikisema na majirani, na Mathilde, na kuku. Leo hapakuwa na kuku.

"Weye ukuta," ilisema, "ambia mukwe wangu. Ile ya taa, minyi siisemi. Ile ya kuita bwana yangu hajue kitu, ataleta mbuzi. Ile ya kitenge, akaiseme kwa mwenyewe. Mathilde iko pa mulango."

Nilisimama kama nguzo ya stesheni. Amenyemelea! Mama yule, umri ule, amevuka tanki zima mpaka mgongoni kwangu na sikusikia hata kandambili! Na sikuweza kugeuka kuhakikisha, kwa sababu kugeuka ni kumtazama. Nilihesabu kwanza hasara ya mbuzi. Kisha miguu ikaenda yenyewe. Nilitoka nje nimefunika macho kwa mkono, nikakanyaga mguu wa mwanakwaya.

Nilimwambia Mathilde habari ya kitenge. Nilijipanga kusema kwa ufasaha, ikatoka vipande vipande. Akauliza kitenge kipi. Nikasema kile cha kijani. Akasema amekitafuta kila mahali. Akauliza kama nimekifua. Nikasema hapana, nikikifua kitanuka sabuni. Kisha akaniuliza nilikuwa nakula nini, nikamtolea muhogo mfukoni, naye akautazama ule muhogo na machozi yakamtoka. Yangu pia. Siandiki zaidi.

Tukiwa bado hapo, ndani ya tanki zile taa zikaanza kuimba. Jérémy hakuniambia zinaimba! Wimbo wa Noeli, kwa sauti ya kengele ya baiskeli, siku ya Pentekoste. Kicheko kilichotoka mlangoni kilirusha njiwa wa depo. Nikajua nimekwisha. Nilitaka kuingia, Mathilde akanishika shati.

Yaliyofuata nimesimuliwa na yeye, aliyasikia kwa akina dada wa kwaya. Clotilde, ambaye hupoteza kila nafasi ya kunyamaza, alizima taa akawapanga watu wote kando ya ukuta. Akamwambia mzee mmoja anong'one jambo upande huu. Waliokuwa upande ule wakasikia. Eti wazee walinong'onezana kama watoto, wengine wakikumbushana marafiki waliokufa kazini. Akawaambia hiyo ndiyo Q, na kwenye leza za kweli nuru hufanya vivyo hivyo katika kisahani cha fuwele, na kwamba wiki iliyopita tanki hili lisingeweza kwa sababu ya kutu. Lilihitaji mtu wa kulisugua lote bila kuacha sehemu.

Kwa kifupi, aliiba maonyesho yangu na kuyageuza mchezo wa umbea.

Papa Lumbu alitoka, akasimama mbele yangu. Alikuwa amelia au ameingiwa na vumbi machoni, ingawa vumbi hakuna, nililiondoa mimi. Akasema leza haiko. Akasema taa nimrudishie mwenyewe.

"Lakini kusafisha, umemaliza," alisema. "Banaona bote. Mathilde, chukua bintu yako."

Jumanne, 10 Juni

Mathilde yupo nyumbani. Bukari, ugali wetu, ya moto, sombe ya majani ya muhogo, na kugombezwa kuanzia alfajiri. Kumbe sufuria zilikuwa chini ya kitanda. Nimenenepa tayari.

Mbuzi nimepeleka. Nilimfunga mlangoni kwa mama mkwe, nikamwambia yule mbuzi aseme naomba radhi. Ndani nikasikia Mama Tshala akimwambia kuku kwamba mkwe wake ana sauti nzuri akinong'ona kuliko akihutubia. Sikuelewa anamaanisha nini.

Jana Mathilde alijaribu kunishawishi kwamba mama yake hakuinuka kwenye kigoda hata mara moja. Eti maneno yangu yalimfikia kwa kuzunguka ukuta, na yake yakanirudia kwa njia hiyohiyo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke siku zote humtetea mama yake. Nilikuwepo, nilisikia pumzi sikioni! Yule mama alininyemelea, na mimi adabu ikanizuia kugeuka. Ukuta hauna kosa lolote. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, ukuta ndio pekee uliokaa mahali pake.

Kwa hiyo funzo nimelipata, nami si mtu wa kurudia makosa. Kosa lilikuwa mgongo wangu kutolindwa. Na kosa la pili lilikuwa taa zinazoimba.

Maana wazo jipya limekuja, na hili ni kubwa. Jumamosi mzigo mpya wa samaki wa Mathilde unafika kutoka Kinkondja, bado mbichi kidogo, watahitaji kukaushwa. Moshi ni ushamba. Nailoni, nakiri, ilikuwa na dosari zake. Lakini nuru inayozunguka tanki bila kutoka, raundi baada ya raundi, na samaki katikati? Watakauka kwa adhuhuri moja! Wastaafu wameniachia ufunguo nitunze usafi. Kalamu ya leza ninayo, betri nitabadilisha. Clotilde alisema nuru ni dhaifu, lakini Clotilde alisema pia ukubwa si kitu. Nitamchukulia Mathilde mzigo wake wote na nitamwambia wakishakauka, iwe zawadi.

Inabaki kupanga na Jérémy kwa siri. Nyumbani haiwezekani, Mathilde ana masikio. Kibandani kuna wateja. Nimemwambia tukutane kesho alasiri ndani ya tanki. Mama Tshala tangu jana huenda kumenyea karanga humo, anasema kuna baridi nzuri, lakini hilo si shida. Yeye hukaa na kigoda chake upande wa mbali kabisa, uso ukutani kwa heshima. Jérémy atatazama nyuma yangu asisogee mtu. Mimi nitakaa upande huu, nitaelekea ukuta wangu, na nitanong'ona polepole. Hatasikia kitu.